Kabla hujasema ni makelele: kwa wadogo zangu wa deth metali, ile roki nzito ya kunguruma, hapa Dodoma

Juzi Majengo nimemkuta kijana anaicheza "Unquestionable Presence", albamu ya bendi ya Atheist, kwa spika ya simu. Upepo unavuma, bodaboda zinapita, naye anawaambia wenzake, "Mmeona? Humu hamna besi." Huyo ni wa tatu mwezi huu. Nilimaliza chai yangu nikaondoka, lakini limenikaa rohoni. Basi sikilizeni.

1. Spika ya simu haitoi besi. Kama huna hedifoni, subiri uzipate.

2. Ukipotea ndani ya wimbo, usiseme wimbo ni mbovu. Hapa naungama. Zamani nilikuwa na kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye memori kadi. Mwanafunzi mmoja wa UDOM akaniachia flashi nimhamishie folda moja, angerudi jioni. Nikaifungua nionje. Mdundo unakwenda, ghafla unakatika, unageuka. Rifu, kile kipande cha gitaa kinachorudiwa, haijakaa imeshahama. Nikajua tu: faili zimeharibika, hii flashi ina virusi. Na mimi kwa kujiona fundi, nikaifomati. Nikajinunulia na soda.

Jioni nikamkabidhi kwa majivuno: "Nimekusafishia, kaka." Akaniuliza taratibu, "Umesafisha nini?" Mle mlikuwa na sura mbili za utafiti wake, na nakala nyingine hana. Hakunitukana, angenitukana ningepona mapema. Alikaa juu ya kreti, akashika kichwa, kisha akatoa simu yake, akanivisha hedifoni. "Haya, sikiliza virusi vyako." Ilikuwa albamu hiihii: nyimbo 8, dakika 32 na ushei, giza likatukuta palepale. Sikuelewa hata wimbo mmoja, ila aibu ilinifundisha kunyamaza. Programu ya kurudisha mafaili ilituletea picha za harusi ya dada yake na kurasa 11 za sura ya kwanza. Sura ya pili aliiandika upya, na bili ya stesheneri nililipa mimi. Mpaka leo mteja akitamka neno virusi, nainamisha uso.

3. Fuata chombo kimoja kila unaporudia. Leo besi, kesho dramu za Steve Flynn, gitaa baadaye. Sauti ya Kelly Shaefer iacheni mwisho, haikimbii.

Na hiyo besi mnayosema haipo! Mistari ile aliitunga Roger Patterson, mpiga besi wa bendi, akafa Februari 1991 kwa ajali ya gari bendi ikirudi kutoka ziarani. Tony Choy akaingia, akaipiga kazi ya marehemu pale studio ya Morrisound, Tampa, Florida, na albamu ikatoka mwaka huohuo. Mimi naisikia kama matanga ya mpiga besi, halafu wewe unakaa na spika ya simu unauliza besi iko wapi. Yapo matoleo ya baadaye yenye rekodi za majaribio ambamo Patterson mwenyewe anapiga. Tafuteni, mlinganishe vidole.

Wanaonishangaza zaidi ni Wagogo wenzangu. Umekua unasikia ilimba, kile kinanda chetu cha vidole gumba, vidole vinakwenda njia zao, zeze linapita juu, mtu anaimba kwa mapigo mengine kabisa. Akina mama wakishika muheme, ngoma zao za Kigogo, kila mmoja ana lake na bado wanakutana. Hujawahi kuuliza kiitikio kiko wapi. Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu wa Kigogo, alizunguka dunia na muziki huo, watu wakakaa kimya kumsikiliza. Leo wamarekani wanne wakibadilisha mdundo mara tatu ndani ya dakika moja, unasema wamekosea! Sikio unalo, mwanangu. Umeliacha kijijini tu.

4. Jina la bendi maana yake asiyeamini Mungu, usilitamke nyumbani kama mama yuko kwaya. Mimi nilisema "ni vijana wa Florida", akaniombea safari njema.

5. Hedifoni zangu haziazimwi.