Kangomba nao si ushindani? Jibu kutoka kwenye mizani ya korosho

Mleta mada ameuliza swali ambalo huku kwetu Newala linaulizwa kila msimu: kama ushindani unamsaidia mkulima, kwa nini kangomba wanapigwa marufuku? Si waachwe nao wanunue, soko liamue? Na mwishoni akaongeza kwamba ana mtaji wa milioni tatu na anafikiria kuja Kusini kununua korosho. Waliotangulia wamemjibu kwa kejeli. Mimi nimekuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi, na korosho nalima hadi leo, kwa hiyo nitamjibu kwa niliyoyaona.

Kwa wasio wa huku: kangomba ni chombo cha kupimia, kopo au bakuli, na anayezunguka nyumba kwa nyumba akinunua korosho kwa chombo hicho nje ya mfumo naye anaitwa kangomba. Mfumo wenyewe ni stakabadhi ghalani, ulioanza kwenye korosho hapa Mtwara msimu wa 2007/08. Unapeleka mzigo AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, unapimwa, unapangwa daraja, unakwenda ghala kuu, unauzwa mnadani, pesa inaingia kwenye akaunti yako ikishakatwa ushuru na tozo.

Sasa mtazame kangomba akiwa kazini. Haji Oktoba. Anakuja Februari, mahindi bado mabichi shambani, pesa ya msimu imeshakwenda kwenye ada na bati. Anakuachia laki moja au gunia la mahindi, mnakubaliana utamlipa kangomba kadhaa msimu ukifika. Msimu ukifika anakuja na kopo lake, si lako. Anajaza, anagonga chini mara mbili tatu korosho zishuke, anajaza tena mpaka ziwe na kichuguu juu, zile zinazomwagika pembeni anasema ni "za kuongezea". Siku moja nilichukua kopo la mmoja wao, tulikuwa tunafahamiana, nikalipima kwenye mzani wa chama. Inayohesabiwa kilo ilivuka kilo na robo. Akacheka tu.

Mkuu, hapo uani kuna wanunuzi wangapi? Mmoja. Na muuzaji ameshakula pesa miezi minane iliyopita. Hakuna wa pili wa kusema "mimi naongeza mia mbili". Kwa hiyo biashara ipo, ila ushindani wa bei haupo kabisa. Hata wakija kangomba kumi kijijini, kila mmoja ana wadeni wake na hawaingiliani.

Mnadani mambo ni mengine. Zamani za sanduku la zabuni, kila kampuni iliandika kwenye barua bei na kilo inazotaka, barua zikafunguliwa mbele ya wakulima, aliyeandika bei ya juu anachukua mzigo wake kwanza, anafuata wa pili, mpaka ghala liishe. Ndiyo maana mnasikia "bei ya juu" na "bei ya chini" za mnada mmoja. Na wakulima wakiona bei haifai wanakataa, mzigo unabaki ghalani hadi mnada unaofuata. Haki hiyo ya kukataa kwangu ina thamani kuliko idadi ya barua sandukuni. Siku hizi mnada unapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, TMX, mnunuzi anaweza kuweka bei bila kukanyaga Newala.

Wapo wanaosema mnadani nako wanunuzi wanapanga bei kati yao, ndiyo maana bei zinapishana kwa shilingi chache. Inawezekana, na Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza washindani kupanga bei au zabuni. Lakini bei kukaribiana peke yake haitoshi kumtia mtu hatiani. Korosho zetu nyingi zinaondoka ghafi kwenda India na Vietnam, na wanunuzi karibu wote wanauza huko huko, wanaangalia bei ile ile na gharama ile ile ya meli. Mimi ninayemwogopa ni mnunuzi asiyetokea kabisa. Msimu wa 2018 tuliona: barua zilikuja na bei za kati ya shilingi 1,900 na 2,700 kwa kilo wakati msimu uliotangulia tulishavuka 4,000, wakulima wakagoma, na Novemba Rais Magufuli akatangaza Serikali itanunua yote kwa 3,300. Magari ya jeshi yakaja kubeba. Bei ilikuwa nzuri, ila mnunuzi akawa mmoja, ukaja uhakiki wa wakulima, na wapo waliosubiri malipo mpaka wakasahau walikuwa wanadai ngapi.

Kusubiri huko ndiko kunakomweka kangomba mjini. Kwa bei kangomba hatushindi, na anajua. Anatushinda kwa siku. Nikiwa mezani kwangu mzee ananiuliza swali moja tu, "karani, pesa lini?" Namwambia mnada Ijumaa, mnunuzi akishalipa pesa inashuka chama kikuu, halafu benki. Anatikisa kichwa, anabeba nusu ya mzigo anarudi nao nyumbani. Nilikuwa najua unakokwenda. Mwaka mmoja hata mimi nilimpa kangomba gunia zima kwa sababu mtoto alikuwa anatakiwa kuripoti shule Januari na malipo ya mnada wangu hayajaonekana. Ningefanya tena.

Angalieni na mabasi yetu ya kwenda Dar. Nauli imewekewa ukomo, viti vinafanana, kwa hiyo kilichobaki cha kushindania ni nani afike Mbagala kwanza, na ndiyo maana LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wakawafungia vifaa vya kufuatilia mwendo. Ukiziba ushindani upande mmoja unatokea upande mwingine. Kwenye korosho tumeuweka kwenye bei, tukauacha muda hauna mwenyewe, kangomba akauokota.

Kwa hiyo marufuku peke yake haitoshi. Kwenye kijiji kimoja jirani akina mama wana kikoba ambacho kinakopesha Januari hadi Machi, marejesho baada ya mnada. Riba ipo, na wenyewe wanagombana kila mwaka kuhusu riba hiyo, lakini kangomba pale hana kazi ya maana. Amehamia ng'ambo ya bonde. Chama nacho kikilipa ndani ya wiki, mzee harudi na nusu ya mzigo. Mimi naona hilo lina nguvu kuliko mgambo kuvizia usiku bodaboda zinazobeba korosho za kangomba.

Sasa milioni tatu zako, mkuu. Ukija kununua kwa kopo utakamatwa, mzigo utataifishwa, na hata usipokamatwa utakuwa unashindana na watu waliokopesha toka Februari. Mnadani kwa mtaji huo huingii. Duka la salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, nalo siku hizi gumu, huwezi kushindana na pembejeo za ruzuku. Ila mkulima anayepewa salfa mara nyingi hana mashine ya kuipulizia, na ugonjwa wa ubwiri unga haumsubiri. Nunua mashine mbili nzuri za mota, tafuta vijana wawili wanaojua kazi, uwe umeshafika na kujulikana kijijini mwanzoni mwa Juni, mikorosho haijatoa maua. Utakuta wenzako wanafanya kazi hiyo hiyo na watashusha bei wakikuona. Usishushe nao. Toa namba yako, na ukisema utafika alfajiri kabla ya upepo, fika alfajiri.