Kabla hujaomba nafasi ya sekondari, muulizie mtoto wa wastani

Mkuu, umeuliza kama matokeo ya mtihani wa mwisho yanatosha kumchagulia binti yako sekondari, na umesema shule unayoitamani ilifaulisha wote mwaka jana. Watoto wangu wawili wameshamaliza na wa tatu yupo kidato cha pili, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona mwenyewe.

Matokeo yaangalie, ila anza na idadi ya watahiniwa, asilimia baadaye. Uliza waliofanya mtihani walikuwa wangapi, halafu uliza kundi hilohilo lilikuwa na wanafunzi wangapi lilipoingia kidato cha kwanza. Kama waliingia 120 na waliofanya mtihani ni 78, wale 42 wako wapi? Wapo waliohama na wazazi wao, hilo ni la kawaida. Lakini zipo shule zinazorudishisha watoto darasa hovyo, zinazoondoa wenye wastani mdogo, au zinazomwita mzazi mtihani ukikaribia na kumwambia amtafutie mwanawe pa kufanyia mtihani. Huyo akianguka huko, shule bado inatangaza asilimia 100. Mwalimu wa taaluma mmoja nilipomuuliza hesabu hiyo alinipeleka ukutani kunionyesha picha za vipanga, yaani wanafunzi wanaoongoza shuleni. Sikuchukua fomu.

Shule ndogo nazo zisome kwa uangalifu. Penye watahiniwa 20, kila mmoja ni asilimia 5, kwa hiyo watoto wanne tu wanaweza kuipandisha au kuiporomosha shule bila lolote kubadilika darasani. Chukua matokeo ya miaka mitatu hadi mitano, tena somo kwa somo. Hisabati ikianguka ghafla na kubaki chini, ulizia kama mwalimu aliondoka na nani alishika nafasi yake.

Swali ninaloliamini kuliko yote ni hili: mtoto anayepata 40 ya hisabati hapa mnamfanyia nini? Mwenye akili nyingi atafaulu karibu popote, na shule nyingi zinajitangaza kwa huyo. Wanangu walikuwa wa wastani, na watoto wengi ni wa wastani. Shule inayojua kazi yake itakutajia siku, saa na mwalimu anayekaa nao. Ukijibiwa "tunawahimiza wajitume", umeshajua.

Nenda siku ya kawaida ya masomo, maana siku ya kukaribisha wazazi kila kitu kimepigwa deki. Omba kuona daftari la mwanafunzi yeyote. Niliwahi kufunua la kemia: peni nyekundu iliishia kurasa za mwanzo, baada ya hapo vichwa vya mazoezi vimeandikwa vizuri na kupigiwa mstari, chini yake patupu. Maabara ya shule hiyo ilikuwa inang'aa, chupa zimepangwa, nyingi hazijafunguliwa hata vifuniko. Shule tuliyoichagua meza zake za maabara zilikuwa na madoa ya kemikali na sinki limechakaa. Pale watoto walikuwa wanafanya majaribio kweli.

Na kwa kuwa ni binti, ingia vyoo vya wasichana. Komeo lipo? Maji yanatoka? Kuna pa kutupia pedi? Usione aibu kuuliza. Msichana asiye na pa kujisitiri anaweza kukosa vipindi kila mwezi, na hakuna matokeo yatakayokuonyesha hilo.

Safari ya kwenda shule ijaribuni saa ileile atakayokuwa anapita. Ada omba orodha yote: sare, usafiri, chakula, vitabu, mitihani ya majaribio. Vigezo vya kupokea wanafunzi vipate kwa maandishi, kama ni alama, usaili, umbali wa nyumbani au kuwa na ndugu shuleni, maana sifa za shule hazimsaidii mtoto asiyekidhi vigezo. Ukiruhusiwa kuchagua shule kadhaa, weka angalau moja ambayo vigezo vyake anavitimiza bila wasiwasi. Hakikisha pia jina kwenye cheti cha kuzaliwa linalingana na la shule anayotoka. Kurekebisha herufi moja kunaweza kupitisha tarehe ya mwisho.

Binti mwenyewe nenda naye, ila maoni yake yaulize mkiwa njiani kurudi, siyo mbele ya mkuu wa shule. Wangu wa pili ndiye aliyeona kwamba wanafunzi walikuwa wakibana ukutani na kuinamisha macho kila mwalimu mmoja akipita. Mimi nilikuwa maktaba naangalia daftari la kuazimia vitabu. Tulipowauliza wanafunzi getini wakatuambia kwa nini wanamwogopa, na shule hiyo tukaifuta kwenye orodha.

Kwa hiyo kabla hujalipia fomu, piga simu shuleni uombe zile namba mbili, walioingia na waliofanya mtihani. Ukizipata ziweke hapa tuzisome pamoja.