Muulize Mzee wa Mshipi: Miaka Sita ya Perege, Sasa Nataka Samaki Wengine

Shikamoo mzee wa mshipi. Mimi ni mvuvi wa wikiendi, sio wa biashara, navua kwa raha zangu tu na fimbo moja na rili ndogo. Ishu yangu ni kwamba mimi ni mtu wa perege, yani toka nianze miaka sita iliyopita ni perege, perege, perege, kiboya, ndoano ndogo, donge la unga au mnyoo, basi. Na nawapata kwelikweli sio siri. Lakini saivi naona najirudia. Jioni nikiwa nafunga vitu vyangu nasikia kitu kinapiga maji kule katikati, najua kabisa yule sio perege, nabaki nakodoa macho tu. Nimetupa donge langu kule kule, holaa. Nikanunua vyambo vya bandia vitatu, navyo holaa. Rafiki yangu mmoja ananiambia nivumilie, mwingine anasema niuze vifaa vyote ninunue vipya. Nianzie wapi? Na nikihamia kwa samaki wengine si ndo utaalamu wangu wote umepotea?
*Mtu wa Perege*

Marahaba mwanangu. Kwanza usiuze kitu, na huyo rafiki yako wa kuuza vifaa muulize kama yeye ndo mnunuzi.

Nimeisoma barua yako mara mbili na nilichokiona ni kwamba miaka sita umemsoma perege vizuri sana ila maji yenyewe hujayasoma, ulikuwa huna sababu, maana kila ukitupa unapata. Sasa nakupa kazi ya nyumbani kabla hata hujagusa ndoano mpya. Perege wako wa wiki ijayo, ukifika kumtengeneza usimkwangue haraka haraka utupe matumbo, mpasue taratibu uangalie ndani. Utakuta utumbo mwembamba umejiviringa viringa kama kamba ya kiatu iliyosokotwa kwenye boksi, uvute uunyooshe, utashangaa, unamzidi samaki mwenyewe urefu mara kadhaa, na ndani yake kumejaa uji uji wa kijani. Huyo ni mla mimea ya majini na vile viumbe vidogo vidogo, chakula kinachotaka muda mrefu kusagika, ndo maana ana utumbo wote ule, na ndo maana anakula kwa kudonoa donoa kutwa nzima. Donge lako la unga linamfaa kabisa. Siku ukimpata samaki mla nyama mpasue naye, utumbo mfupi, tumbo kama mfuko mnene, na ndani unaweza kukuta kisamaki kizima hata magamba hayajaisha. Huyo hadonoi. Huyo anameza mara moja halafu anaenda kupumzika, sasa wewe unamrushia donge la unga utegemee nini.

Halafu angalia mdomo. Mdomo uliogeukia juu, huyo anakula kutokea chini kwenda juu, chambo kikae karibu na uso wa maji. Mdomo uliokaa chini ya kichwa, huyo ni wa kwenye tope. Ulio mbele katikati, anahama hama, utamtafuta kwa kina tofauti. Mimi hiyo ndo ilinifundisha kuliko mtu yeyote, nilikuwa nakaa na samaki wa wenzangu naangalia midomo mpaka wakawa wananicheka.

Sasa twende kwenye hicho kinachopiga maji katikati. Kabla hujanunua chambo cha nne kaa kitako jioni moja bila fimbo, usikilize. Ukiona visamaki vidogo vinaruka kwa pamoja kama mtu kamwaga kiganja cha mchanga kwenye maji, hapo kuna mwindaji anavikimbiza. Lakini ukisikia "blup" moja nzito, duara linapanuka, povu kidogo linafuata halafu kimya, baada ya muda tena blup sehemu nyingine, huyo hawindi chochote, huyo ni kambare kapanda kuvuta hewa. Kambare ana kiungo cha kupumulia hewa juu ya matamvua, ndo maana anaishi hata kwenye maji machafu yasiyo na oksijeni ya kutosha ambapo wengine wanakufa. Kapanda kavuta pumzi yake karudi chini kwenye tope, na wewe unarusha chambo kinachong'aa juu juu, mtaonana saa ngapi?

Kutokana na ulivyoelezea, nahisi ni kambare, na hata kama sio, mimi ningekwambia uanze na yeye. Kwa nini? Kwa sababu yupo kwenye maji yale yale, anakula minyoo ile ile unayoijua, unaanza kwa kubadilisha vitu viwili, kina na saa. Toa kiboya, weka chubwi, yani kile kizito cha kuzamisha mshipi, chambo kilale chini kabisa. Na badala ya kufunga vitu giza linapoingia, wewe ndo unafungua. Kambare anatembea sana usiku, macho yake madogo hayamsaidii sana, anatumia zile ndevu nane pamoja na ngozi yake, vyote vinaonja, yani samaki mzima ni kama ulimi unaogelea. Kwa hiyo kinachomvuta ni harufu, rangi haimhusu. Minyoo minene kadhaa kwenye ndoano moja, au maini, au kipande cha samaki chenye damu damu. Ukirusha tulia, usivute vute kila dakika kama unavyofanya kwa perege.

Hapo kwenye kutulia nina kovu la moyoni. Mara yangu ya kwanza ya kambare nilifunga breki ya rili ikabana kabisa, nikalaza fimbo kwenye jiwe, nikageuka kutafuta taa kwenye begi. Nilisikia tu inakwaruza jiwe, kugeuka naona kitako cha fimbo kinaingia majini, nimesimama hivi naangalia. Fimbo ilikuwa ya kuazima. Kwa hiyo legeza breki kiasi kwamba akichukua mshipi unatoka, ukisikia rili inalia ndo unashika, unabana pole pole, unanyanyua. Na ukishamtoa usimkamate kama perege, kambare ana mwiba kwenye kila pezi la ubavuni na akijikaza anausimamisha unakuwa kama msumari. Mkamate nyuma ya kichwa, vidole vipite nyuma ya ile miiba. Hana magamba, anateleza kama sabuni, kitambaa kilicholowa kinasaidia sana.

Kwenye ndoano watu wengi wanachanganyikiwa, acha niseme mara moja. Namba zinakwenda kinyume, namba 12 ni ndogo kuliko namba 8, na namba 8 ni ndogo kuliko 4, ukishuka mpaka 1 mambo yanageuka, inakuja 1/0, 2/0, 3/0 na hapo kila namba ikipanda ndoano inakua. Wewe nadhani uko kwenye 10 hivi, sawa kabisa kwa kimdomo cha perege. Kwa kambare nenda 1/0 mpaka 3/0, na mshipi badala ya ule unaohimili kilo 2 weka unaohimili kilo 8 au 10. Hapo ndo pesa yako pekee inapotoka, ndoano chache na mshipi. Kama rili ina kikombe cha akiba, yani kile kinachozungushiwa mshipi, weka huo mnene kwenye kikombe cha pili, huu mwembamba ubaki kwa perege wako.

Vile vyambo vya bandia usivitupe, siku yao ipo. Samaki wawindaji kama bass wengi wao wanavizia, hawazururi katikati ya bwawa, wanakaa kwenye kivuli cha gogo, pembeni ya majani, mahali maji ya kina kifupi yanapokatika ghafla kuwa marefu, wanasubiri mjinga apite. Wewe ulirusha katikati na bila shaka ulivuta moja kwa moja mwendo mmoja kama unakusanya kamba ya nguo. Rusha upite pembeni ya gogo, vuta kidogo, simamisha, acha kizame kidogo, tikisa, simamisha tena. Mara nyingi anauma pale kinaposimama, na wawindaji wana mstari ubavuni unaohisi mtikisiko wa maji, kwa hiyo kinachotetemeka kama kisamaki kigonjwa kinamwita hata kabla hajakiona. Alfajiri na jioni ndo saa zake, mchana wa jua kali utachoka mkono bure.

Ila nakuomba kitu kimoja, usibadilishe vyote siku moja. Ukibadili sehemu, saa, chambo na ndoano kwa pamoja halafu ukapata samaki, hujui kilichokupa ni kipi, na ukikosa ndo kabisa. Badili kimoja, rudi hata mara tatu, andika kwenye simu.

Kuhusu utaalamu kupotea, sidhani. Na kuna jambo huenda umeliona bila kujua sababu yake, zile siku unapata madume matupu au hupati kitu. Perege wengi wa hii jamii tunayoivua jike hubeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe, halafu hata watoto wakishatoka wanarudi kujificha humo humo, na muda wote huo jike hali vizuri au hali kabisa. Dume naye anakaa analinda kiota chake alichochimba chini, ukimtupia chambo anauma kwa hasira tu sio njaa. Na maji yakipoa chini ya nyuzi 20 hivi perege anaanza kuzubaa kwenye kula. Hizo ndo siku za kwenda kwa wengine, perege wako umwache azae. Ukimtoa jike anatema mayai au vitoto mkononi mwako (mimi ilinitokea mara moja nikajisikia vibaya wiki nzima) mrudishe haraka.

Mambo vipi mzee, mimi navua baharini, napenda sana changu na nilikuwa sitaki kusikia samaki mwingine. Mwezi uliopita nikasema ngoja nijaribu kila kinachokuja. Nikapata samaki mmoja wa rangi ya udongo ana madoa madoa, bapa, kimdomo kama cha sungura, wakati namtoa ndoano kanichoma kidole. Dunia ilizunguka. Mkono uliuma mpaka begani, nimerudi kwenye changu wangu na sitoki tena. Je nilikosea?
*Dada wa Changu*

Pole sana dada yangu. Kwa kimdomo hicho huyo atakuwa tafi, na ni kweli ana sumu kwenye miiba ya mapezi, juu na chini. Haiui kwa kawaida lakini maumivu yake mtu mzima analia. Siku nyingine chovya mkono kwenye maji ya moto, ya moto kiasi unavyoweza kuvumilia bila kujibabua, nyuzi 45 zisizidi, na yapime kwanza kwa mkono ambao haujachomwa maana uliochomwa hausikii vizuri, ukae humo nusu saa mpaka saa moja na nusu. Joto ndo linaivunja ile sumu. Ukiona unavimba kupita kiasi au pumzi inabana, hospitali, usisubiri.

Kosa lako ni dogo tu, ulitoa ndoano kwa mkono kwenye samaki usiyemjua. Nunua koleo la mdomo mrefu, samaki yeyote ambaye huna jina lake hagusi mkono wako, kwanza unamuuliza anayemjua. Na yule anayejijaza akawa kama mpira, bunju, usimjaribu kwenye sufuria hata ukiambiwa nini, sumu yake haitoki kwa kupika.

Ukitaka kutoka kwenye changu bila kuumia nenda kwa chewa. Maeneo ya mawe uliyozoea anakaa humo humo, ila yeye akishameza anageuka anakimbilia shimoni kwake, ukimruhusu mita mbili za kwanza umekwisha, mshipi unasagika kwenye jiwe. Huyu ni kinyume na nilichomwambia Mtu wa Perege hapo juu, breki ibane na unyanyue papo hapo. Akishaingia shimoni usivutane naye, legeza mshipi kabisa subiri dakika kadhaa, mara nyingine anadhani yameisha anatoka mwenyewe.

Mzee nimejaribu nguru mara tatu, kila siku mshipi unakatika karibu na ndoano, safi kama umekatwa na mkasi. Mshipi ni mpya. Nimeuziwa feki?
*Msema Kweli*

Hapana, umekatwa na meno. Nguru ana meno kama wembe, na mzia hivyo hivyo. Weka waya mwembamba wa chuma wa kama sentimita 30 kati ya ndoano na mshipi. Na kabla ya kufunga waya kata kipande cha mwisho cha mshipi, hatua moja hivi, maana hapo ameshapakwaruza mara tatu.