Usiichome sumaku kabla ya kuijua

Kwa miaka 14 nimekuwa nikitengeneza spika katika kibanda kilicho hatua chache kutoka Luthuli Avenue, Nairobi. Wateja wangu wengi ni wenye matatu. Spika za matatu hupiga kazi tangu alfajiri hadi usiku wa manane, na zikilemewa huletwa kwangu hukumu ikiwa imeshatolewa njiani: "Fundi, sumaku imeisha nguvu."

Mara nyingi si kweli. Sumaku haiishi kwa kupiga muziki, na umri peke yake hauipunguzii nguvu kiasi cha sikio kusikia. Ninazo sumaku nyeusi za feraiti, zile za duara zinazokaa mgongoni mwa spika, zilizotoka kwenye redio za miaka ya 1980, na mpaka leo zikinasa bisibisi lazima uing'oe kwa mikono miwili. Sumaku zilizokufa ambazo nimewahi kuzishika, karibu zote ziliuawa na mtu. Mbili niliziua mimi mwenyewe.

Ya kwanza ilikuwa ya spika ya inchi 12, nyepesi kuliko zote nilizozoea. Koili yake, yaani waya uliosukwa unaosukuma karatasi ya spika, ilikuwa imeungua na ili niifikie ilibidi nitoe sumaku. Kwa feraiti nilikuwa na njia yangu: unazungusha moto wa gesi taratibu, gundi inalegea, unaingiza patasi nyembamba, sumaku inaachia. Feraiti huvumilia joto la nyuzi 250 hivi bila kulalamika. Basi nikafanya vilevile. Gundi ikalegea vizuri, nikaacha vitu vipoe, nikasuka koili, nikafunga. Sauti ikatoka chini sana, hata nusu ya mwenzake haikufika. Nikasuka koili tena, na tena, nikiulaumu waya. Siku ya tatu ndipo nikagusisha msumari kwenye ile sumaku. Ukateleza, ukaanguka chini. Nilimnunulia mwenye gari spika mpya kwa pesa ya karo ya mwanangu.

Ile haikuwa feraiti. Ilikuwa neodimiamu, sumaku ya madini ya neodimiamu, chuma na boroni iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1980. Kwa nguvu haina mpinzani, ndiyo maana spika yake huwa nyepesi. Lakini ile ya daraja la kawaida mwisho wake ni nyuzi 80. Nyuzi 80 tu! Chai inayochemka jikoni imeshapita hapo. Kuna madaraja yanayostahimili zaidi, yenye herufi mwishoni: M hufika nyuzi 100, H 120, SH 150. Sasa fikiria moto wa gesi.

Ndani ya sumaku kuna maeneo madogo mno, na kila eneo lina mwelekeo wake. Kiwandani huyalazimisha yote kuelekea upande mmoja. Ni kama foleni ya abiria jioni pale kituo cha mabasi cha Kencom, wote wamekodolea macho upande gari linakotokea. Joto ni mvua ya ghafla: watu wanatawanyika, kila mmoja anatazama anakojua. Mvua ikikatika, foleni haijipangi yenyewe. Joto likiwa dogo, sumaku hulegea kidogo na kurudi inapopoa, hiyo haina shida. Likivuka mpaka wake, kilichopotea hakirudi hata ukiiweka kwenye friji. Na kila aina ina kiwango ambacho ikikifikia usumaku wote hupotea. Pierre Curie alilichunguza jambo hilo mwaka 1895 na kiwango hicho kinaitwa kwa jina lake. Kwa neodimiamu ni kama nyuzi 310, kwa feraiti kama 450, kwa chuma kitupu 770.

Kwa hiyo mwenye matatu, spika za neodimiamu usizifungie kwenye boksi lisilopumua nyuma ya kiti, amplifaya ikiwa imebanwa hapohapo. Koili inayopigwa kwa nguvu hupita nyuzi 200, na sumaku ni jirani yake. Tena maji ya kuoshea gari yasiifikie. Ganda lake la nikeli likichubuka, sumaku inashika kutu na kuanza kumeguka.

Ya pili inaniuma zaidi. Mzee mmoja aliniletea redio ya baba yake, spika yake ikiwa na sumaku ya alniko, yaani alumini, nikeli na kobalti pamoja na chuma. Hii huvumilia joto kuliko zile nyingine. Nikaitoa kwenye kikombe chake cha chuma ili niisafishe, nikairudisha, na sauti ya redio ikawa imefifia. Alniko inaogopa kutengwa na chuma chake. Kile kikombe huipa nguvu ya sumaku njia ya kuzunguka toka ncha moja hadi nyingine. Ukikiondoa, ncha zake zenyewe zinaigeukia na kuidhoofisha. Mafundi wenzangu, alniko isafisheni ikiwa ndani. Ndiyo sababu pia sumaku za fito za shuleni huhifadhiwa mbili mbili, kaskazini ya moja ikiwa kando ya kusini ya nyingine, na vipande vya chuma laini vimeziba ncha. Walimu, vipande hivyo msivitupe, na watoto wasizigonge sakafuni.

Kabla hujailaumu sumaku, pima koili kwanza. Spika ya ohmu 8 husoma kama 6 kwenye mita ya umeme, na isiposoma kitu, waya umekatika. Ikikwaruza, koili imehama kutoka katikati. Sumaku iliyodhoofika haikwaruzi: sauti inakuwa safi lakini chini, na besi inalegea. Hapo chukua spika yake pacha, funga boliti kwenye mizani ya kuning'iniza, igusishe mgongoni mwa kila spika mahali palepale, kadibodi ikiwa katikati, uvute polepole. Usome kilo inapoachia. Pacha wawili wazima hawapishani sana.

Ikionekana imekufa kweli, inaweza kutiwa nguvu upya kwa mpigo mmoja wa umeme mkali kupitia koili kubwa. Viwandani, spika nyingi hutiwa nguvu hivyo zikishafungwa. Kibandani sina mashine hiyo, kwa hiyo humweleza mteja wazi na kumrudishia spika yake bila kumtoza kitu.