Siku kumi, volkano na bahari: achaneni na Meru, na mnavyopanda Lengai msichukue mwongozaji mmoja

Mkuu, umeuliza kama wewe na shemeji mnaweza kupanda Meru, mpande na volkano ya Ol Doinyo Lengai, halafu mmalizie baharini Pangani, yote ndani ya siku kumi na gari ya kukodi. Mimi na mke wangu tulifanya karibu hivyo hivyo, ila Meru tuliiacha, na nawe nakushauri uiache. Ule ni mlima wa mita 4,566, unakula siku tatu mpaka nne, mnalala kwenye vibanda vya Miriakamba na Saddle, na mnatembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Ukishuka pale, miguu haitaki kusikia habari ya mlima mwingine. Lengai ni usiku mmoja tu. Usiudharau huo usiku.

Gari iwe iliyoinuka juu kutoka ardhini. Kutoka Mto wa Mbu kwenda Engare Sero, kijiji cha karibu na Lengai kwenye Ziwa Natron, usipige hesabu ya kilomita, piga hesabu ya makorongo. Sisi tulipata pancha mbele kidogo ya Engaruka, tukashusha tairi ya spea, tukaikuta haina upepo. Hatukuikagua wakati wa kukabidhiwa gari, kosa letu. Tulikaa juani saa mbili na zaidi mpaka kijana wa pikipiki akatuletea pampu. Kwa hiyo siku ya kuchukua gari, bonyeza spea kwa mkono wako, jaribu na jeki. Njiani kuna mageti ya kulipia, kila mahali ombeni risiti na mzitunze, mtaulizwa.

Sasa Lengai yenyewe. Mnaamka saa 5 usiku, mnaanza kupanda kama saa 6, maana mchana jua la bonde lile halipandiki. Ni zaidi ya mita 1,500 za kwenda juu, na hakuna zile kona za kupumzisha miguu, njia inakwenda moja kwa moja. Chini ni majivu laini: unapiga hatua mbili, unateleza nyuma moja. Juu zaidi majivu yameganda kama saruji iliyokauka vibaya, yana mifereji iliyochimbwa na maji, na unashika kwa mikono. Vaeni glavu. Lava ya mlima huu haina ndugu kwenye volkano zote zinazowaka leo: imejaa kaboneti, jamii ya magadi, silika, ile ya mchangani, karibu hakuna, inatoka na nyuzijoto 500 hadi 600 hivi, nyeusi na nyepesi kama oili chafu, halafu ikikutana na unyevu inageuka nyeupe. Ndiyo maana ukiwa mbali unaweza kudhani kileleni kuna theluji. Mlipuko mkubwa wa mwisho ulikuwa 2007 na 2008, lakini mlima haujalala, kwa hiyo siku ile waulizeni wenyeji unaendeleaje.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Sisi tulichukua mwongozaji mmoja ili tubane matumizi. Kama saa 9 usiku misuli ya paja ikanikaza, mguu haukunji. Mke wangu alikuwa mbele yangu, namwona kwa ile taa ya kichwani tu, na kila akisogea vijiwe vinaporomoka vinanipita. Akauliza, "Unaweza?" Nikasema naweza. Baada ya dakika kumi nikakaa chini. Mwongozaji akatuambia kwa upole kabisa kwamba hawezi kumwacha mtu peke yake gizani, kwa hiyo ama tunapanda wote ama tunashuka wote. Mke wangu akanyamaza, akageuza taa. Kushuka kulikuwa kubaya kuliko kupanda, tulitambaa kwa makalio mpaka suruali yangu ikatoboka, na kulipopambazuka ziwa lilikuwa pale chini limepauka na yeye halitazami. Alikuja kunisemesha tumeshapita Engaruka, tena kuhusu maji ya rejeta.

Waongozaji wawili, mkuu. Na mkubaliane kabla, mkiwa bado mezani na chai, kwamba mmoja akichoka mwingine anaendelea bila kinyongo.

Kutoka huko hadi pwani msijaribu siku moja. Sisi tulilala Lushoto, unapandia pale Mombo, baridi tamu, tukashinda siku nzima bila kufanya lolote. Hiyo siku ndiyo iliyotupatanisha, wala si bahari.

Pangani tulivuka mto kwa kivuko tukaenda Ushongo, pwani ya minazi, kimya. Kisiwa cha Maziwe msikikose, ila kwanza ulizeni maji. Siku hizi ni fungu la mchanga tu, hakuna hata mti, na maji yakijaa linafunikwa lote. Muulizeni nahodha yanakupwa saa ngapi na kama ni bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa sana, au maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, maana wakati wa bamvua maji yanatoka sana na fungu linakaa wazi kubwa. Kasa wakitaga pale, mayai huhamishiwa Ushongo yasisombwe, kwa hiyo mkifika msimu wake mnaweza kuona vifaranga wakikimbilia baharini. Miezi ya upepo mkali wa kusi, Juni mpaka Agosti, mashua inarushwa rushwa, na masika msiende kabisa, makorongo ya Natron hayatawapitisha. Oktoba ilitufaa, bahari ilikuwa imetulia.

Mke wangu anarudi Lengai mwakani. Nilimkumbusha kuhusu waongozaji wawili, akanijibu safari hii mmoja anatosha, mimi nitamsubiri Ushongo.