Shangazi, mwanangu hajui pesa, anajua simu tu

*Shikamoo Shangazi. Marehemu baba alinifunza pesa kwa kitabu chake cha hundi. Mwanangu wa miaka 16 hajawahi hata kuiona hundi. Laini yake imesajiliwa kwa jina langu. Juzi nilimtumia 500 za nauli, zote zikaliwa na Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Nimpokonye simu? – Mama wa Kisauni*

Marahaba mwanangu. Usimpokonye. Nauli ya matatu, unga, stima, vyote atalipia kwa simu maisha yake yote. Heri akosee leo kwa 500 kuliko kesho kwa mshahara.

Hebu kumbuka baba yako alivyokuwa akifanya. Kabla ya kuchana hundi, aliandika kwenye kile kipande kinachobaki kitabuni: tarehe, anayelipwa, kiasi, salio. Kalamu ilimpa nafasi ya kufikiri. M-Pesa ni kinyume: PIN kwanza, ujumbe wa salio baadaye, na kijana hausomi. Halafu Fuliza, tangu 2019, humkamilishia malipo hata akiwa hana kitu, naye haoni kwamba amekopa. Mweleze: kuna ada, inaongezeka siku zikipita, na pesa ikiingia tu inakatwa. Tena deni hilo lina jina lako. Likishalipwa, jiondoeni Fuliza pamoja, yeye ndiye abonyeze.

Mnunulie kijitabu. Kila jioni afungue jumbe za M-Pesa, aandike kilichotoka na kilichobaki. Bando, chipsi, bando tena, atajionea mwenyewe. Usimkaripie anapokusomea. Ukimkaripia ataanza kufuta jumbe, na hapo umempoteza.

Kisha mpe mzigo wa kweli. Mimi wangu nilimkabidhi pesa za tokeni za stima za mwezi mzima. Tarehe 22 stima ilikatika tukiwa mezani. Pesa nilikuwa nazo, na moyo uliniuma kumwona ameinamisha kichwa, lakini sikununua. Tulimaliza ugali kwa mshumaa. Mwezi uliofuata alikuwa anachungulia mita kabla hajapiga mswaki.

Na hizo 500 zilizokatwa, usimrudishie zote. Mpe nauli ya kwenda shule. Kurudi, kama njia ni salama, atembee mpaka Ijumaa.