MUULIZE AMI: Usiku wa Osaka, treni ya mwisho na wanaokuita njiani

Toka niseme hapa kwamba nilikaa Osaka miaka minne kabla ya kurudi Malindi, barua zimekuja nyingi na karibu zote zinauliza kitu kimoja, usiku. Watu wanataka kujua klabu zikoje, baa zikoje, usalama ukoje. Nimechukua nne.

Masalkheri Ami. Mwanangu wa kiume yuko Osaka anasoma, mwaka wa pili sasa. Kila Jumamosi nikimpigia saa tano usiku kabla sijalala naskia makelele ya watu, ananiambia ndo anatoka klabu anangoja treni, na huko kwao ishakuwa alfajiri. Hajawahi hata siku moja kutoka saa saba ama saa nane akarudi akalala. Klabu gani hio mtu hatoki mpaka kukuche? Naogopa amenipotea. — Mama, Maweni, Malindi

Masalkheri dadangu. Kukaa mpaka alfajiri peke yake si dalili ya kupotea, na hili nalisema kwa sababu nimeliishi. Shida ni treni. Osaka mtu mguu wake ni treni na treni za kule hazikeshi, ya mwisho inapita kwenye saa sita za usiku, laini nyengine inavuka kidogo, halafu vituo vinafungwa mpaka saa kumi na moja alfajiri hivi. Hio ya mwisho ina jina lake kabisa, wanaiita shuden, na ukikaa baa yoyote ya Namba, mtaa wa starehe wa Osaka, saa tano na nusu utaona watu wanaanza kutazama simu, mmoja anasimama, wa pili anasimama, dakika kumi meza nzima imeondoka mbio kuelekea stesheni.

Ukiikosa unabaki na taksi ama kungoja. Taksi zao ni nzuri, mpaka mlango unafunguka wenyewe, lakini usiku bei inaongezwa na kama kijana anaishi nje ya mji kama wanafunzi wengi anaweza kumaliza pesa ya chakula ya wiki nzima kwa safari moja. Kwa hivo kila mtu anaamua kabla ya saa sita, ama narudi ama nakesha, hakuna katikati, na ndo maana klabu zenyewe zinajaa hasa kuanzia saa saba, manake waliobaki wote ni wale waliokubali kukesha. Wengine hawendi klabu hata kidogo, wanakodi chumba cha karaoke mpaka asubuhi, ama wanalala kwenye vibanda vya intaneti ambako kuna viti vya kujinyoosha na vitabu vya katuni, ama hoteli za vijisanduku zile za kulala mtu mmoja kama kwenye droo, na hizo hoteli zilianzia hapo hapo Osaka, mtaa wa Umeda, mwaka 1979.

Na si zamani sana ambapo hata huko kukesha ukicheza kulikatazwa. Kulikuwa na sheria ya mwaka 1948 iliyosema mahali pa kucheza muziki pafungwe saa sita usiku, sehemu nyengine saa saba. Kwa miaka mingi polisi walifumba macho, lakini mwaka 2010 mwanafunzi mmoja akafa baada ya ugomvi kwenye mtaa wa klabu wa Amerikamura, na hapo msako ukaanza kwa kishindo, klabu moja baada ya nyengine. Mwaka 2012 wakaingia klabu iitwayo Noon pale Umeda wakamkamata mwenyewe kwa kuachia watu wacheze bila leseni. Yule bwana hakukubali faini ayamalize, alikwenda mahakamani na mwaka 2014 akashinda. Sheria ikabadilishwa, na kuanzia Juni 2016 klabu yenye leseni inaruhusiwa kucheza usiku kucha bora taa zisiwe hafifu kupita kipimo, taa kama za sinema wakati wa mapumziko. Kwa hivo mwanao anakesha kihalali.

Haya, lakini wasiwasi wako una haki yake na mimi ningekuwa wewe ningemuuliza mambo matatu. Ana miaka mingapi? Kule utu uzima ni miaka 18 toka mwaka 2022 lakini pombe na sigara bado ni 20, na klabu hazimwingizi aliye chini ya hapo. Anaenda na nani, na wanarudi pamoja? Na swala yake anaiswali wapi? Manake mwezi wa Juni jua la Osaka linatoka saa kumi na dakika arubaini na kitu, kabla treni ya kwanza haijaondoka, akitoka klabu nje kweupe na alfajiri imeshampita. Hilo la mwisho ni lako na yeye, mimi siliingilii, ila najua ndo lililokufanya uandike.

Ami mambo. Nina miaka 21, nimepata skolaship nafika Osaka Aprili. Rafiki kanitumia postaa ya klabu imeandikwa Jumamosi 23:00 mpaka 29:00. Kwani huko siku ina saa ngapi? Na nikifika nianzie wapi nisije nikaibiwa? — Kijana wa Shela, Malindi

Poa mwanangu. Hio 29 si makosa ya kuchapa. Wajapani biashara ikivuka saa sita usiku hawakati siku, wanaendelea kuhesabu tu, 24, 25, 26, mpaka watu walale. Sasa wenzetu wanaohesabu kizungu wanasumbuka, lakini sisi tuna njia fupi, toa 18. 23 toa 18 ni saa tano, 25 toa 18 ni saa saba, 29 toa 18 ni saa kumi na moja alfajiri. Umeipata? Kwa hivo postaa inasema saa tano usiku mpaka saa kumi na moja, yaani mpaka treni ya kwanza, imepangwa hivo.

Jihadhari na siku tu. Jumamosi saa 25 ni usiku wa kuamkia Jumapili. Wazee wetu wanaohesabu siku kuanzia magharibi wangeuita usiku wa Jumapili, na ukihesabu kama wao utafika mlangoni siku moja kabla.

Kabla hujatoka chukua kadi yako ya ukaazi, ile utakayopewa uwanja wa ndege. Hio si ya klabu peke yake, mgeni mkaazi anatakiwa na sheria atembee nayo kila wakati, mtalii ndo anabeba pasipoti. Mlangoni watakuomba, na picha kwenye simu haikubaliki sehemu nyingi. Vaa viatu vya kufunika. Najua Malindi unaingia disko na ndara na hakuna anayekuuliza, kule klabu kubwa kubwa mwanamume wa ndara ama fulana ya kukata mikono anarudishwa. Kiingilio kinaweza kuwa yeni 1,000 mpaka 4,000 kulingana na usiku na dijei, na yeni moja haifiki shilingi moja lakini imekaribia, mara nyingi unapata na tiketi ya kinywaji kimoja. Wanawake mara nyingi wanalipa kidogo ama hawalipi. Begi na koti unaweka kwenye kabati la kulipia kwa sarafu. Bakshishi hakuna, ukiacha pesa mezani mtu anakukimbiza njiani akurudishie.

Mitaa ni miwili. Kaskazini ni Kita, hapo Umeda, watu wa maofisi na bei za maofisi. Kusini ni Minami, Namba na Shinsaibashi na Dotonbori ya mataa, na ndani yake Amerikamura, vijana, maduka ya nguo za mitumba na klabu ndogo za orofa ya chini ya ardhi, na katikati kuna kiwanja kidogo wanakiita Sankaku Koen ambapo watu wanakaa tu na kupiga soga. Mimi nakwambia anza hapo. Kaa kiwanjani kwanza, tazama watu wanaingia wapi, skiza mziki unaotoka kwenye ngazi.

Sasa kuibiwa. Mfukoni hakuna atakayekugusa, ile nchi mtu anaacha simu mezani anakwenda chooni. Utaibiwa kwa bili. Karibu na daraja la Dotonbori kuna watu wamesimama usiku wanaita wapita njia, bosi njoo, yeni 3,000 tu kunywa unavotaka, wanakwambia kwa Kiingereza kizuri na kwa adabu. Mwaka wangu wa kwanza nilimfuata mmoja. Tulipanda lifti mpaka orofa ya tano, chumba kidogo hakina dirisha, akaja msichana akakaa akaagiza na yeye, sikujua kinywaji chake nalipa mimi, nikakaa dakika arubaini, bili yeni 46,000. Kiti kina bei, barafu ina bei, msichana ana bei. Nililipa kwa sababu mlango walikuwa wameusimamia na nilikuwa peke yangu na sijui lugha. Ilikuwa kodi ya nyumba ile, na sikumwambia mtu yeyote mwaka mzima kwa aibu. Ndo maana nakwambia wewe leo.

Majumba ya kule yamejengwa kwenda juu na jumba moja lina baa ishirini zimepandana, huwezi kuchungulia ndani kama baa zetu za barabara ya Lamu. Kwa hivo sheria yangu ni moja, anayekuita njiani usimfuate kamwe, hata akiwa mgeni mwenzako, hata akikwambia yeye ni wa Afrika ndugu yangu. Mahali pazuri hapahitaji kumvuta mtu mkono. Kazi yao hio imekatazwa na manispaa lakini bado wapo. Ikikukuta, tafuta koban, kile kibanda cha polisi kiko karibu kila stesheni, ama piga 110. Na kinywaji chako usikiache ukaenda kucheza halafu ukarudi kukinywa.

Usichanganye wizi na otoshi lakini. Ukiingia izakaya, ile migahawa ya vinywaji na vitafunio, watakuletea kibakuli kidogo hujaagiza na kwenye bili utakuta yeni 300 ama 500. Hio ni desturi, ndo bei ya kiti, lipa.

Ami, mimi ni dijei Watamu na mwakani naenda kusoma lugha Osaka. Naeza kupiga klabu nilipe karo? — Dijei

Ndugu, usikimbilie. Viza ya mwanafunzi inaruhusu kazi saa 28 kwa wiki na ni mpaka uombe kibali chake. Na hata na kibali kuna biashara za usiku mwanafunzi haruhusiwi kugusa, baa za wahudumu wanaokaa na wateja, nyumba za pachinko, zile mashine za kubahatisha, hata kuosha vyombo ama kufagia humo hairuhusiwi. Klabu ya usiku kucha nayo iko chini ya ile ile sheria ya biashara za usiku niliyoeleza juu, kwa hivo usipande jukwaani kwa malipo kabla ofisi ya wanafunzi ya chuo haijakwambia. Nimeona kijana mzuri kabisa amerudishwa nyumbani kwa kazi ya miezi miwili. Duka la masaa 24, jiko la mgahawa wa kawaida, hoteli, hizo sawa.

Na miraa usibebe, wala bangi usiiguse. Kathinoni iliyo kwenye miraa iko kwenye orodha ya kimataifa ya dawa zinazodhibitiwa, na bangi kule toka Disemba 2024 hata kuvuta kwenyewe ni kosa la jinai, si kupatikana nayo tu. Polisi wanaweza kukuweka ndani mpaka siku 23 kabla hujafunguliwa mashtaka. Hapa kwetu umezoea mtu anazungumza yanaisha, kule hayaishi.

Ami, mimi mwanamke wa Langoni, Lamu, naenda miezi mitatu mafunzo ya hoteli. Pombe sinywi, klabu siendi, najisitiri. Je usiku wa Osaka hauna langu? — Bi M.

Una lako kubwa, Bi M. Mtu kutokunywa kule si ajabu, sema osake nomemasen, yaani siwezi pombe, watakuletea chai baridi ya oolong na hakuna atakayekushikilia. Mwanamke anatembea peke yake saa nne usiku Dotonbori bila kusumbuliwa sana, na treni ya laini ya Midosuji siku za kazi ina behewa la wanawake peke yao. Tembea mtoni uone mataa, yule mkimbiaji aliyeinua mikono kwenye bango la Glico, kampuni ya peremende, aliwekwa pale mara ya kwanza 1935. Ingia kichochoro cha Hozenji nyuma yake, mawe ya kale na taa ndogo, kimya ghafla, utakumbuka mitaa yenu.

Chakula ndo uwe macho. Buta ni nguruwe na anaingia kwenye vitu vingi, rameni, zile tambi za supu, ikiwa supu ni nyeupe mara nyingi ni mifupa yake, na okonomiyaki, ile chapati nene ya kabichi, mara nyingi ina vipande vyake juu. Sema buta nashi, bila nguruwe. Ukitaka Ijumaa yenye utulivu panda treni nusu saa mpaka Kobe, kuna msikiti wa mwaka 1935, wa kwanza Japani.

Na takoyaki lazima. Tako ni pweza. Chuma chake kina vishimo vishimo kama cha vitumbua, wanamimina uji wa unga, wanatia kipande cha pweza kila shimo, wanavigeuza kwa sindano mbili haraka mpaka viwe duara, mbele yako barabarani, na harufu ile saa mbili usiku na foleni ya watu wamesimama wakipiga soga utasema uko kwa muuza pweza forodhani. Uliza sosi kama ina pombe, sehemu nyengine ina, omba chumvi badala yake. Na kipasue kwanza kipoe, ndani kinakuwa moto kuliko unavodhani.